Leo Nakijwa Kaniletea Poti Yake

Nyie watoto wangu wa Dar, barabara ya kuja Same imefungwa? Mwaka wa pili sioni hata kivuli chenu!

Haya, sikieni ya leo.

Nakijwa, mtoto aliyeachwa na marehemu dada yenu, ana miaka miwili na poti haitaki.
Nikimkalisha, "Sitaki!", anakwenda kukojoa mkekani.
Ana jina la mama yangu, na ukaidi ni ule ule.

Asubuhi sukari ikanishuka.
Nikaanguka jikoni, miguu ikagoma.
Nikajikojolea. Mimi, mtu mzima!

Nakijwa akanitazama, akaenda kuleta poti yake.

"Bibi, kaa."

"Siwezi, mama."

Akachuchumaa mbele yangu. "Shiiii... shiiii... kojoa, Bibi," kama ninavyomfanyia yeye.

Nikacheka. Chekeni na nyie.
Halafu nikalia, maana tulikuwa wawili tu ndani, na mwenye nguvu alikuwa yeye.

Jirani aliyeniwahi na maji ya sukari ndiye anayeniandikia haya.

Mkija, khanga na soda ziacheni huko huko. Mmoja wenu abebe begi la nguo, aje akae. Nataka Nakijwa amzoee nikiwa bado nipo.