Sheria za Fundo la Kitenge

Yaya, ndiyo dada yangu mkubwa, alitunga hadithi ya mwanamke mchuuzi aliyepanda treni ya Sakania, mji wa mpakani, mikono mitupu. Askari wa forodha walimpekua, hawakuona kitu. Mali yote alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge chake, na ndani ya lile fundo, alisema yaya, kulikuwa na mahali pengine kabisa.

Tulikuwa tukimenya karanga mchana nyuma ya nyumba, katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, tukinong'ona kwa sababu baba alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Mimi nilitaka fundo limeze hata injini ya treni. Yaya alikataa. Kama linaweza yote, alisema, yule mwanamke hatapata shida kamwe, na sisi hatutakuwa na hadithi. Basi akaweka sheria: kiingie kile tu anachoweza kukibeba kwa mikono yake; bukari, yaani ugali wetu, iliyoingia ikifuka moshi itoke ikifuka moshi, kwa kuwa mule siku haziendi; na kitu kinachopumua kisiingie.

Mvua zilizofuata, surua ilimchukua mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa hajaanza kutembea. Mama akawa hasemi nasi ila mambo ya maji na chakula. Polepole tukarudia karanga zetu na hadithi yetu. Hatukujua kama anasikiliza, mpaka siku aliposimama mlangoni akauliza:

"Ule mwanamuke, anaweza kuweka mutoto mule?"

"Hapana, mama," yaya alijibu. "Kitu yenye kupumua haiingie."

"Na ule mwenye hapumue tena?"

Yaya aliangalia mikono yake. Sheria zilikuwa zake, na hakuna hata moja iliyokataa.

"Anaingia," akasema.

Mama akauliza kama mule kuna baridi. Yaya akasema hajui. Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia, akarudi ndani. Tangu hapo yaya hakuitaja tena hadithi ile, na nilipomsihi alinifukuza.

Aliolewa Kilwa ya huku kwetu, kando ya ziwa, si ile ya pwani. Nilipomtembelea, tukiwa sote watu wazima, nilimkuta akiparua samaki, nikamwuliza kwa nini aliiacha ile hadithi. Akasema hakuiacha, ilikuwa ikijisimulia yenyewe kichwani mwake miaka yote. Yule mwanamke hushuka Sakania, hufungua fundo atoe chumvi, na mule ndani husikia mtoto akikohoa.

Nikamwuliza kama alibadilisha sheria.

"Sikubadilisha kitu," akasema. "Njo maana naogopa."

Akaendelea kuparua samaki. Nikamshikia beseni.