Nilivyoandika kwamba mashine ya karanga inarudi nyuma, kibarua cha mzee wa watu nusura kiote nyasi

Wakuu, habari za mchana. Hiki ninachosimulia kilinitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza. Nikiteleza mahali, ni umri tu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kijana wa engineering, nimetoka chuo juzijuzi, nikaajiriwa karakana moja ya umma hapa Dodoma. Kipindi kile mashirika yalikuwa yanabinafsishwa kila kukicha. Yetu ilishapata mwekezaji, na orodha ya watu wa kupunguzwa ilikuwa inaandaliwa.

Jina lililotajwa sana kwenye korido lilikuwa la Mzee Ndahani, fundi kutoka Kongwa. Hakuwa na cheti hata kimoja, ila alikuwa amebuni mashine ya kubangua karanga. Meneja akasema wazi: mwekezaji akiikubali mashine, mzee anabaki. Akiikataa, mzee anarudi nyumbani.

Mimi nikapewa kazi ya kuipima kwenye kompyuta.

Tulikuwa na kompyuta moja yenye software ya simulation, yaani ya kuigiza mashine inavyofanya kazi, imefungiwa kwenye chumba chenye zulia na AC, na kabla ya kuingia unavua viatu mlangoni. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mafundi wa uani walikuwa hawakanyagi kabisa humo, mabuti yao yana grisi.

Nikachora mashine yote, shaft, mikanda, na lile dramu linalosugua karanga. Nikaiambia software inipimie mzunguko wa dramu, yaani pembe yake kwa digrii, sekunde kwa sekunde. Ikahesabu asubuhi nzima.

Grafu ilipotoka nikashtuka. Mstari unapanda vizuri hadi digrii 180, halafu unaporomoka ghafla hadi hasi 180. Unapanda tena, unaporomoka tena.

Nikajisemea, aisee, dramu linazunguka mbele kisha linarudi nyuma kwa nguvu. Hapo karanga zote zitasagika.

Nikaandika ripoti kwa mbwembwe zote: mashine haifai. Grafu nikaambatanisha. Mashine yenyewe ilikuwa uani, hatua kama hamsini kutoka nilipokaa, na sikwenda hata kuizungusha kwa mkono. Ujana huo!

Kikao na mwekezaji kilikuwa kesho yake asubuhi. Saa tisa alasiri nikamwona Mzee Ndahani mlangoni. Habari zilishamfikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unasema dramu langu linarudi nyuma?"

"Ndivyo kompyuta inavyoonyesha, mzee."

"Haya, nionyeshe."

Akavua mabuti, akaingia peku. Nikamweleza: huku pembeni ni digrii, huku chini ni muda. Akaitazama screen, kisha akaweka kidole pale mstari unapoporomoka.

"Hapa ndipo linarudi mzunguko mzima?"

"Ndiyo mzee."

"Linatumia muda gani kurudi?"

Nikaangalia. Mstari ulikuwa wima kabisa. Nikasema, "Hakuna muda hapo."

"We mtoto! Chuma kile tunakibeba watu wanne. Kinarudije mzunguko mzima bila kutumia muda?"

Wakuu, masikio yaliwaka moto. Nikapima upya, safari hii kasi ya mzunguko badala ya pembe. Mstari ukanyooka, haushuki popote. Dramu lilikuwa linakwenda mbele muda wote!

Kumbe ile software pembe yake inaishia 180, ikivuka hapo inaanza kuandika kutoka hasi 180. Ni kama saa zetu tu, baada ya saa kumi na mbili inakuja saa moja, na hakuna anayesema muda umerudi nyuma.

Sasa balaa. Ripoti ilishafika kwa meneja, nakala kwa mwekezaji. Na mimi nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, kwa hiyo nikikiri ningeweza kuingia kwenye orodha ileile. Nilifikiria kusema kwamba mashine "imerekebishwa kidogo" usiku ule. Ingepita, nawaambia ukweli. Wazo hilo nililala nalo, na sikulipenda.

Kikaoni nikanyoosha mkono kabla ripoti haijasomwa.

"Ripoti yangu ina kosa. Mashine haina tatizo, ni mimi niliyesoma grafu vibaya. Aliyeligundua ni Mzee Ndahani."

Mwekezaji akauliza, "Ndahani ndiye nani?" Mzee hakuwa mtu wa kuitwa vikaoni. Akaitwa.

Tukatoka wote uani, karanga zikamiminwa, mashine ikawashwa. Zikatoka nzima, maganda pembeni. Mwekezaji akachota kiganja, akatafuna, akaomba nyingine.

Mzee alibaki kazini mpaka akastaafu kwa hiari yake. Mashine zake zilifika Kongwa na hadi Busi kule Kondoa. Asante hakunipa, ila kesho yake alipita dirishani kwangu akasema, "Toka humo, njoo ushike spana." Nilitoka mbio, nina raha ajabu.

Leo nina karakana yangu hapahapa Dodoma, mtaa wa Kikuyu, maisha yanakwenda, namshukuru Mungu. Nilichojifunza ni kwamba kabla hujaandika kazi ya mtu ni mbovu, nenda kaiguse. Na ukikosea, sema mbele ya walewale waliokusikia.

Mimi kwa kosa lile nilipewa barua ya onyo. Mke wangu hadi leo anashangaa kwa nini nimeiwekea fremu sebuleni.

Haya, uwanja wenu wakuu. Nani hapa alishawahi kumwonea mtu kwa kipimo alichosoma vibaya, na ulimwambia au ulikausha?