Mkono wa Watu Mia Nne

Basi mjue kwanza kwamba Bi Mwiko hakuwa mpishi wa kubahatisha. Miaka thelathini na mmoja alipika katika shule ya bweni ya wasichana, sahani mia nne mchana na mia nne jioni, na sijasikia mwanafunzi hata mmoja aliyesema alilala njaa kwa kosa lake. Jina walimpa wasichana wenyewe, kwa ajili ya ule mwiko wake wa mbao uliomfika kifuani, nalo likamganda mpaka mumewe naye akamwita hivyo. Alikuwa mfupi, mikono minene, sauti ya kuvuka uwanja wa michezo. Chumvi aliipima kwa kikombe cha bati kilichopinda mdomo, mafuta kwa upawa. Kuonja hakuonja sana. Alisikiliza. Sufuria kubwa, alikuwa akisema, inaongea: kwanza inanong'ona, kisha inaguna, mwisho inakoroma, na ikishaanza kukoroma wewe punguza kuni ukakae.

Na kulikuwa na ukoko wake. Wali ukiisha, wasichana walipanga foleni ya pili kwa ajili ya ukoko tu, ule uliokauka chini ya sufuria ukawa mwekundu, na walikuwa tayari kukosana na marafiki kwa kipande cha kiganja kimoja. Wengine leo ni wanawake wazima wenye watoto, na ukiwakuta sokoni watakusimulia ukoko ule huku wanameza mate.

Lakini humo jikoni mwa shule hakikutoka hata kijiko kwenda nyumbani kwake. Wapishi wenzake walikuwa na makopo ndani ya mikoba, na kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Yeye, ng'o. Alisema chakula kile kina wenyewe, na wenyewe wamesimama kwenye foleni. Mimi mtu wa namna hiyo namvulia kofia, ingawa sijui kama ningetaka kuwa mtoto wake.

Maana hapo ndipo penye kisa. Nyumbani kwa Bi Mwiko hakupika Bi Mwiko. Aliondoka alfajiri na kurudi magharibi, miguu imevimba, na Jumapili wanafunzi wa bweni wanakula vilevile. Mpishi wa nyumbani alikuwa mumewe, fundi saa, mtu mkimya mwenye kibanda chake mbele ya nyumba, aliyezoea kushika skrubu ndogo kuliko chawa. Alikuwa na jiko moja la mafuta na sufuria mbili, na alipika mayai, viazi na maharage ya kuchemsha, kwa zamu, bila kukosea na bila kubadilisha. Mtoto wao wa pekee, binti, alikulia hapo. Alipokuwa mdogo alimpokea mama yake mlangoni kila jioni kwa swali lile lile: umeniletea ukoko? Na Bi Mwiko kila jioni alimwonyesha viganja vitupu. Alipofika miaka tisa hivi, aliacha kuuliza. Bi Mwiko aliiona siku alipoacha, ikamchoma, akanyamaza nayo.

Mwaka huu akastaafu. Akakaa nyumbani siku mbili, ya tatu akachukua jembe na kuulima uwanja wote wa nyuma. Alipanda kama alivyopika, bila kujua kidogo ni nini. Kiangazi kilipokolea, na yeye anamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kuoshea vyombo, kila kitu kikaiva wiki moja kana kwamba vimeambizana: nyanya, biringanya, bamia, matango, pilipili hoho, maharage mabichi, na maboga mawili yaliyoziba njia ya chooni. Majirani wakaanza kumkwepa. Ukipita mbele ya mlango wake unatoka na biringanya nne, utake usitake. Fundi bomba wa nyumba ya pili alikuwa anazunguka mtaa mzima ili asipite pale, na hata hivyo jioni alizikuta biringanya zimepangwa juu ya kizingiti chake.

Ndipo binti, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na saba na kazi ya mapokezi hospitalini, akaja na habari. Mchumba wake anataka kuwaleta wazazi na ndugu, jumla watu wanane, Jumapili ya wiki inayofuata, chakula cha mchana. Akaongeza haraka kwamba wasihangaike, ameshazungumza na watu wanaopikia sherehe, wataleta kila kitu mpaka vijiti vya meno. Bi Mwiko akasema atapika yeye. Binti akawa anazungusha kamba ya saa yake mkononi, saa aliyotengenezewa na baba yake.

"Mama," akasema, "wewe hujawahi kunipikia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemtajia mgonjwa namba ya chumba. Bi Mwiko angeona nafuu kama angepigiwa kelele. Wakapatana hivi: mama apewe nafasi mpaka Alhamisi. Akiona anaweza, apike. Akiona hawezi, waje wale wa sherehe, na mtu asinune.

Akaanza mazoezi kwenye jiko la mumewe, na hapo ndipo balaa. Sufuria ya kwanza, biringanya na nyanya, mkono ulikwenda kwenye chumvi wenyewe. Fundi saa alikula sahani yote, kisha akanywa maji mpaka akafungua mkanda. Ya pili, Bi Mwiko aliiogopa chumvi, ikatoka kitu ambacho hata kuku wa jirani walikitazama wakaondoka. Ya tatu ilikuwa bamia. Alisimama akisubiri sufuria inong'one, igune, ikorome. Sufuria ndogo haina mazungumzo hayo. Inasema neno moja, na ukilikosa umeunguza. Akaunguza. Ya nne akaunguza tena, na ya tano, na harufu ikaingia mpaka kwenye kibanda cha saa, wateja wakauliza kunani. Fundi saa akawaambia mke wake anajifunza kupika. Wakacheka, wakidhani ni utani.

Alhamisi asubuhi Bi Mwiko alikwenda kuchuma nyanya, akajikuta amekaa chini katikati ya matuta analia. Alilia kwa uchungu hasa, mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye ndoo mapajani. Alikuwa amelisha watoto wa watu mpaka hesabu ikapotea, na wa kwake ataolewa akiwa amekula mayai ya baba yake. Fundi saa alimkuta hapo. Hakumbembeleza, si kawaida yake. Alichuchumaa, akafuta nyanya moja kwenye shati, akaila, kisha ndipo akasema.

"Mke wangu, ukiniletea saa ya mnara mimi nitaiharibu. Mkono wangu ni wa saa ya mfukoni. Wa kwako ni wa mnara. Kwa nini unaukatakata?"

Bi Mwiko akapenga kamasi kwenye aproni. Akamuuliza kwa hiyo wafanyeje, wawaambie wakwe waje watu mia nne?

"Anza na mia," akasema fundi saa.

Siku ile ile Bi Mwiko akakodi mkokoteni akaenda shule. Mpishi aliyerithi jiko lake alikuwa mwanafunzi wake wa kazi, na alipoambiwa shida ni nini hakubisha. Akampa sufuria mbili ndogo kuliko zote zilizokuwapo, na hizo ndogo, nakuambia, mtu mzima angeweza kuogea ndani. Mwiko hakuazima. Mwiko alikuwa amepewa zawadi siku ya kustaafu. Njiani kurudi alibisha hodi nyumba moja moja, kushoto na kulia, akiwaambia watu Jumapili waje na sahani zao na kisu kimoja kila nyumba. Jioni akampigia binti simu kama walivyopatana: wale wa sherehe wasije, atapika mwenyewe. Idadi ya watu hakuitaja. Hakudanganya, hakuulizwa.

Binti alifika Jumamosi mchana kusaidia usafi, akaziona sufuria zimeinamishwa uani zikikauka juani. Akasimama.

"Mama. Ni watu wanane."

Mama akamwambia hao wanane watakuwapo, ila hawatakuwa peke yao. Binti alijaribu kueleza. Alisema mama mkwe wake mtarajiwa ni mkunga mstaafu, mtu wa taratibu, mtu ambaye glasi ikikaa upande usio wake anaisogeza. Akasema mtu huja kwa watu kutambulishwa, haji kwenye foleni. Akaingia ndani, akafagia chumba ambacho kilishafagiliwa, na mpaka usiku hakutoka kuja uani. Baba yake alimpelekea mayai.

Jumapili saa mbili za asubuhi uani palishajaa. Fundi bomba, aliyezikimbia biringanya wiki nzima, ndiye aliyekabidhiwa kuzikata. Msusi wa pembeni alikaa getini na beseni la matango. Watu wa nyumba ya ghorofa walimenya maharage, wakabishana kuhusu mpira, wakakatwa kauli na ile sauti ya kuvuka uwanja. Na Bi Mwiko, jamani, mngemwona. Aliyekuwa analia matutani Alhamisi hakuwapo. Alipanda juu ya kreti, akashika mwiko kwa mikono miwili, akageuza vitunguu, na mwili wake wote ukawa unajua pa kwenda. Chumvi aliichota kwa kikombe cha bati akaimwaga huku anaongea na mtu mwingine, hata hakutazama. Boga liliingia kabla ya hoho, bamia mwishoni kabisa. Sufuria ya pili ilikuwa ya wali uliopikwa kwa maji ya nyanya na vipande vya boga. Alinyamazisha watu, akatega sikio. Sufuria ilinong'ona. Fundi saa, aliyekuwa kwenye kizingiti cha kibanda chake, aliona bega la mkewe likishuka, akajua mambo yamekaa sawa.

Saa sita na nusu wageni wanane wakafika, nguo zimenyooshwa pasi. Mama wa kijana alikuwa mbele, mrefu, mkoba mkononi. Alifika getini akaona umati, akaona moshi, akaona sufuria za namna ile. Akasimama, akawageukia wenzake wakasimama nao. Kisha akamwinamia msusi, akashusha sauti.

"Poleni sana. Hatukupata habari. Ni nani aliyetutoka?"

"Hakuna aliyekufa, mama," msusi akasema. "Ni biringanya tu."

Binti alisikia yote akiwa kwenye mlango wa jikoni. Alitamani ardhi ipasuke. Mchumba wake alianza kucheka, akamwona uso, akakohoa. Bi Mwiko akashuka kwenye kreti, akafuta mikono, akawapokea wageni mmoja mmoja kwa vicheko na pole za safari, akawakalisha kwenye mabenchi ya kivulini pamoja na watu wengine, kwa kuwa viti vya peke yao havikuwapo. Mkunga akakaa ameweka mkoba magotini.

Chakula kikapakuliwa. Bi Mwiko alipakua mwenyewe, kama siku zote, upawa mmoja wa mchuzi wa mboga, miwili ya wali, matango pembeni, na kila sahani iliondoka imelingana na mwenzake. Binti alibeba sahani za wakwe. Yeye mwenyewe hakula. Alisimama nyuma ya benchi akiutazama mkono wa mama mkwe wake ukienda mdomoni, ukirudi, ukienda. Kelele za uani zilipungua zenyewe, kama zinavyopungua mahali watu wanapokula kweli. Mkunga alimaliza. Akauweka mkoba chini. Akamuuliza fundi bomba, aliyekaa ubavuni mwake, kama foleni ya mara ya pili inaanzia wapi, na fundi bomba akasimama kumwonyesha.

Watu tisini na kitu walikula, na wengi walirudia. Wali ulipoisha, Bi Mwiko aliilaza sufuria ubavu, akapiga magoti mbele yake, akaanza kukwangua. Hakuharakisha. Ukoko ulibanduka mzima, mwekundu, mpana kama sinia, umeshikana na vipande vya boga vilivyozama chini. Watoto wa mtaa walishajipanga na mikono mbele. Hakuwatazama. Aliuweka kwenye sinia, akapita nao katikati ya watu wote wale, wageni na wenyeji, mpaka nyuma ya lile benchi.

"Nimekuletea ukoko," akasema.

Binti hakupokea mara moja. Alimtazama mama yake, viganja vyake, sinia. Kisha akaketi pale pale chini, na nguo zake za kutambulishwa, akavunja kipande na kukitafuna, na mlio wake ulisikika mpaka kwenye kibanda cha saa. Alikula machozi yakimtiririka, hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Mama wa kijana, aliyekuwa amerudi na sahani yake ya pili, alinusa, akanyoosha mkono kwa adabu ili amegewe kidogo.

"Samahani, mama," binti akasema, mdomo umejaa. "Huu ni wangu."

Mchumba akafumba macho. Mkunga akaurudisha mkono, akamtazama yule msichana, akamtazama Bi Mwiko aliyesimama na mwiko wake. Kisha akasogea kwenye benchi, akampisha binti akae.