Friji Mpya ya Fundi Mukhwana

Kwa miaka kumi na tisa Mukhwana alitengeneza friji katika kibanda cha mabati huko Kawangware, na kila aliyemuuliza kama anunue mpya au mtumba alipata jibu lile lile: mtumba. Mpya, alisema, ni rangi tu.

Nyumbani kwake Mashimoni, Kibera, mkewe Sella aliuza maziwa lala, yale ya kugandishwa. Alikuwa ameishi na friji sita, zote mtumba, zote zimepitia mikononi mwa mumewe. Ya sita ilizima Aprili. Mukhwana akaahidi kuitazama Jumapili. Zikapita Jumapili kumi na moja.

"Baba Mercyline," Sella akasema siku moja, bila kupandisha sauti, "mimi nataka mpya."

"Ya nini? Hii inataka gesi tu."

"Najua. Wateja wako wa Kawangware wanangoja siku mbili. Mimi sina fundi. Mpya inakuja na waranti, na waranti iko na fundi."

Mukhwana akaufungua mlango wa ile friji iliyozima, akaufunga tena.

Jumamosi wakaenda dukani pamoja. Mukhwana aliizunguka friji, akaitegea sikio ubavuni, akapapasa mpira wa mlango. Muuzaji akamuuliza kama kuna shida.

"Bado," akasema.

Sella alikuwa ameshalipa.

Wanaume wawili waliibeba hadi Mashimoni, majirani wakitoka milangoni kumwona fundi wa friji aliyenunua friji. Nyuma ya friji kulikuwa na karatasi iliyobandikwa juu ya skrubu: ikichanika, waranti imekwisha. Sella aliisoma kwa sauti, mara mbili. Kisha akakusanya bisibisi zote za nyumbani, akazipeleka kwa jirani.

Mwezi wa tatu tangu inunuliwe, friji ikaacha kupoesha. Mukhwana akainama, akaisikiliza.

"Ni swichi ya kuwasha kompresa. Dakika kumi tu."

Sella alikuwa tayari anapiga simu.

Kesho yake asubuhi akaja fundi wa kampuni, msichana mwenye ovaroli ya buluu, akasema anaitwa Caren. Mukhwana hakwenda kazini siku hiyo; alisema ana mafua. Alikaa kwenye stuli, mikono kaibana katikati ya magoti.

"Mzee, unaweza kunishikia tochi?"

Akamshikia. Akaisogeza tochi hadi kwenye kompresa, akasema, "Ni swichi ya kompresa."

Caren akaipima. "Hii iko sawa." Akaendelea hadi kwenye kidude kinachokata baridi na kuirudisha, akakichomoa, akamwonyesha. Kilikuwa kimeungua upande mmoja. "Kwani wewe hufanya kazi ya stima, mzee?"

Mukhwana akamtazama mkewe. Sella alikuwa anapanga chupa.

"Kidogo," akasema.

Kidude kipya kikaingia, friji ikaanza kunguruma polepole. Caren akatoa fomu, na Mukhwana akatia sahihi palipoandikwa "mteja". Alikuwa hajawahi kutia sahihi upande huo. Sella akamimina gilasi mbili za maziwa, moja ya fundi, na nyingine, baada ya kufikiri kidogo, ya mumewe.

Mukhwana alimsindikiza Caren hadi barabarani, amembebea begi. Njiani alimuuliza amejuaje haraka vile, naye akamweleza, na Mukhwana akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Walipofika akaomba namba yake. Akaihifadhi kwenye simu, akiandika kwa kidole kimoja: Fundi.