Mshonaji wa Cardiff na Koti la Dhalimu

Saa moja asubuhi, mvua inapiga paa la bati la studio moja mtaani Splott, Cardiff, na Eirlys Prosser amepiga magoti, pini mdomoni. Mbele yake amesimama Gavana wa sayari ya Ombra, au tuseme mwigizaji Gethin Mostyn, soksi zake zimetoboka.

“Inua mkono,” anasema Eirlys.

“Hauinuki.”

“Safi. Basi koti limekamilika.”

Eirlys, mwenye umri wa miaka 58, amemvisha Gavana huyo kwenye tamthilia ya televisheni kwa misimu mitano. Msimu wa kwanza Gavana alikuwa fundi bomba ndani ya ovaroli, akiwagawia maji wakimbizi wa angani. Leo kila tone ni lake, na koti lake la dhahabu lina uzito wa kilo kumi na moja. Mikono ya koti hilo imebanwa kiasi kwamba anayelivaa hawezi kujinywesha maji.

Wazo hilo lilitoka jikoni. Katika karakana ya Eirlys chai huandaliwa kwa zamu, uwe bosi, uwe mwanagenzi. Miaka miwili iliyopita alipandishwa kuwa mkuu wa mavazi. Zamu moja ikampita, ya pili ikampita, ya tatu hata hakuikumbuka. Nyani haoni kundule: aliyemshonea dhalimu miaka yote hakujiona.

“Nilimpelekea kikombe, nikapiga goti,” anasimulia Lowri Beynon, mkata vitambaa. “Nikamwambia, ‘Mtukufu Gavana, utakunywa mwenyewe au nikunyweshe?’ Wenzangu wakafa kwa kicheko. Yeye hakucheka.”

“Niliona aibu, tena aibu kweli,” anasema Eirlys. “Hakuna aliyeniambia niache zamu. Hakuna aliyenikataza pia. Madaraka yanalevya taratibu, na mlevi ndiye wa mwisho kujua.”

Kesho yake alichemsha maji mwenyewe. Jioni akachora koti.

Mwongozaji wa tamthilia hakulipenda. Alitaka miiba mabegani na kofia ya chuma, mtazamaji amtambue mwovu kwa mbali. Akatoa neno lake: koti likikwamisha mazoezi ya leo, litupwe. Ni kazi ya wiki tisa ya watu saba.

Saa nne taa zinawaka. Gavana amezungukwa na mitungi ya maji. Mkono wake unakifuata kikombe, unaishia kifuani. Anajaribu tena. Mtumishi anakuja kumnywesha, na maji yanamchuruzika kidevuni mbele ya raia wenye kiu.

“Miiba ya nini sasa?” anasema mwongozaji. “Tuendelee.”

Nyuma ya kamera, Lowri anamshika Eirlys mkono. “Umewaweza, mwanamke wewe.”

“Tumewaweza,” anajibu Eirlys, machozi yakimtoka wala hayafichi. Amekwisha kudai majina yote saba yaonekane mwishoni mwa kipindi, na amekubaliwa.

Kuanzia Januari, studio inataka asimamie karakana tatu. Anaitaka kazi hiyo, na haoni haya kusema anaiweza. Ila ameweka sharti moja, si kwa wakubwa wake, kwa Lowri.

“Nimemwambia, ‘Siku nikiacha kukusikia, univue cheo hicho palepale mbele ya watu,’” anasema. “‘Na nikikukatalia, Lowri, ujue umechelewa kunivua.’”