Mpiga Deki Aliyeuona Mlango Chini ya Kikapu

Saa moja asubuhi, ukumbi wa mpira wa kikapu bado una usingizi. Mwanga unateremka kutoka madirisha ya juu, unajitandaza sakafuni, na katikati yake mwanamke wa miaka arobaini na moja anasukuma deki taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Wachezaji humwita Mama Deki. Ameisafisha sakafu hii kwa miaka kumi na tisa.

Leo anafika chini ya kikapu, anainama.

"Njoo uone, mwanangu," anamwita kocha, kijana aliyewahi na kijitabu chake. "Jana wapinzani walilinda upande huu. Alama za viatu zimejaa kule kwenye mstari wa pointi tatu. Hapa ndani peupe."

Jana hiyo timu ya kocha, ya wasichana, ilifungwa. Kila upande sasa umeshinda mechi moja ya nusu fainali. Ya tatu ni leo jioni. Atakayeshindwa anafunga virago.

"Yule mrefu wao si yupo ndani, mama?"

"Yupo kwa jina. Akishawafuata warushaji wenu, kurudi ni shughuli. Ona alivyoburuta soli. Nyie mnatupa kwa mbali mpaka mabega yanauma, na mlango uko wazi."

Kocha anacheka, kisha anaacha kucheka. Anafuta ukurasa mzima.

Saa kumi jioni, Mama Deki amekaa kando ya uwanja, taulo mapajani. Wasichana wanavamia ndani moja kwa moja, wanamkuta yule mrefu kasimama palepale, wananyang'anywa mpira. Wako nyuma kwa pointi tisa. Kocha anamgeukia.

"Nilitamani sakafu inimeze," Mama Deki anasimulia baadaye. "Watoto wa watu wafungwe kwa sababu ya mdomo wangu?"

Anamwashiria kocha kwa mkono: nje kwanza, kisha ndani.

Kocha anawaelekeza wasichana, na mpira unazungushwa mbali. Yule mrefu anachomoka kuufuata, na nahodha wa wasichana anapenya nyuma yake, mwepesi kama mtu anayeota. Tena. Na tena. Robo ya nne, yule mrefu anatimiza makosa matano, anatolewa. Wasichana wanashinda 58 kwa 55.

"Fainali Jumamosi, mama," kocha anamwambia. "Utakuja kutuonyesha?"

Atakuja. Ila mwezi ujao anaanza darasa la jioni la ukocha. Jina lake limeshaandikwa.

"Siku zote naulizwa nikiwa nimeshika deki," anasema. "Nataka niulizwe nikiwa nimekaa benchi."