Nzi Wasiopanda

Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi hapa Msambweni, na mimi hulipwa kufuga nzi. Majirani hawajamaliza kunicheka: kusoma kote kule, mwisho wake nzi. Ni wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Nawapikia uji wa mahindi kwa hamira na sukari guru, na wallahi wanakula vizuri kuliko mimi.

Nzi wangu huzaliwa na ugonjwa kama uliompata baba, ule wa kutetemeka ambao daktari aliuita Parkinson. Maabarani tunawatia kwenye chupa nyembamba, tunaigonga mezani, wote wanaanguka. Nzi mzima hupanda juu papo hapo, ndiyo tabia yake. Mgonjwa hujaribu, huteleza, hubaki chini. Kazi yangu ni kuwapa dawa na kutazama kama watapanda. Nimejaribu dawa nyingi. Bado wako chini.

Baba tulimnywesha kombe kwanza, maji yaliyooshewa aya za Kurani, kisha vidonge vya hospitali. Vidonge humtuliza, ila utulivu wenyewe unazidi kuwa mfupi. Nikirudi nyumbani, shikamoo haijanitoka vizuri, ananiuliza, "Wamepanda?"

Safari hii nilimkuta amemwita mkwezi kijana amchongee upya vidato vya mnazi wa uani, vile vya kukanyagia, kwa kipimo cha hatua zake mwenyewe. Vya zamani vimeliwa na mvua, alisema. Kijana alichonga kwa adabu, akikwepa kunitazama. Niliumia, na kuumia kwangu huwa hasira. Anapanda nini, na kwenda msalani anashikwa mkono?

Basi nikamwonyesha video ya nzi kwenye simu, aache kutumaini. Simu ilimchezacheza mkononi mpaka nikamshikia. Alitazama hadi mwisho, akaomba tena.

"Hawa waliobaki chini," akauliza, "mwawafanyani?"

"Twawatia kwenye spiriti, baba."

"Wafa upesi?"

"Upesi."

Uani panga lilikuwa bado linagonga mnazi.

"Mwambie yule aache," akasema. "Na hao nzi, kwa upesi huo, mwawahurumia."

Nilitoka nikamlipa kijana, vidato vikiwa vimefika usawa wa kifua changu. Niliporudi, baba alikuwa anahangaika na kifungo kimoja cha shati. Nikamfungia.